Mnong'onezi wa Chini ya Jukwaa

Kwa jina la Yule aliyemfinyanga mtu kwa udongo na kumuumba jini kwa ulimi wa moto usio moshi, kisha akawapa wote wawili masikio ili wasiwe na udhuru, naanza. Habari hii nimeipokea kwa mpiga piano wa shule ile ya muziki, aliyekuwa hatua nne kutoka pale mambo yalipotokea. Na mwisho wake nimeupokea kwa mke wa Mwalimu, ambaye hana sababu ya kumzulia mumewe. Nisilolisikia kwao sikulitia.

Mwalimu alikuwa akifundisha opera, yaani mchezo ambao watu hawasemezani bali huimbiana kila neno, hata salamu. Alikuwa mjuzi, nisimdhulumu. Akisimama mbele ya darasa na chaki mkononi, aliwaeleza vijana habari za watunzi wa zamani kana kwamba alikula nao sahani moja, na kengele ikalia pasiwe na mtu wa kuinuka. Siku moja aliwapeleka ukumbini, akawaonyesha shimo lililokatwa kwenye sakafu ya jukwaa, mbele kabisa, likiwa na kibanda kidogo cha mbao juu yake.

"Hapa hukaa mnong'onezi," akasema. "Watazamaji hawamwoni. Kazi yake ni kumtangulizia mwimbaji neno, nusu ya pumzi kabla halijahitajika. Mwimbaji hafikiri. Hupokea, akaimba."

"Kama anayekupenyezea majibu ya mtihani, Mwalimu?" akauliza kijana mmoja mwenye sauti nene, waliyemwita Besi.

"Kama huyo, ila wa kwetu hafukuzwi shule."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini hakulitazama tena shimo.

Shimo lile lilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka tisa alikaa humo msaidizi wake, mwanamke mwembamba mwenye kifua kibovu, aliyemumunya peremende za mnanaa mchana kutwa ili asikohoe wakati wa onyesho. Wanafunzi walimwita Bi Peremende. Humo humo shimoni, kati ya zamu na zamu, alitunga opera yake mwenyewe, muziki na maneno, juu ya malkia aliyeporwa kiti na nduguye. Alipofariki, mswada ulibaki kabatini mwa Mwalimu. Mwalimu akatwaa wembe, akaikata kona ya ukurasa wa kwanza palipoandikwa jina la mtunzi, kisha akaandika lake katikati, kwa wino mweusi. Wakuu wa shule walipousoma mswada ule, walimkumbatia.

Onyesho likapangwa. Nafasi ya malkia akapewa binti wa pekee wa Mwalimu, msichana wa miaka kumi na tisa, ambaye hakuwa na furaha wala tegemeo duniani ila sauti yake.

Jambo lilianza dogo. Alasiri moja ya mazoezi, jua limejaa madirishani, Besi alisahau mstari wake, akasita, kisha akauimba barabara. Alipomaliza aliinama shimoni. "Ahsante, ndugu yangu. Umenitoa aibu."

"Unamshukuru nani?" akauliza mpiga piano. "Mlango wa chini una kufuli tangu mwaka juzi."

"Basi kufuli lenu lina sauti ya kike, tena tamu."

Wakaangua kicheko wote, isipokuwa mpiga piano, kwa kuwa pua yake ilikuwa imepokea harufu ya mnanaa.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya msichana waliyemwita Kasuku kwa wepesi wake wa kushika maneno. Alianza vizuri, kisha katikati ya wimbo, bila kuuharibu hata kidogo, akaimba: "Kona imekatwa kwa wembe, jina langu liko jalalani."

Mwalimu aliinua mkono, akaisimamisha piano. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Shimoni, Mwalimu. Si ulisema mwimbaji hafikiri, hupokea?"

Asubuhi yake Kasuku alifumbua kinywa kumwamkia mama yake, na sauti haikutoka. Daktari alimulika koo lake, akaliona safi kabisa. Siku ya tatu Besi aliimba mstari usiomo kitabuni, na kesho yake akanyamaza kama mwenzake, akawa anaandika kwenye daftari, "Nilidhani ni mzaha."

Nyumbani, binti alimfuata baba yake sebuleni, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba, hata mimi ananinong'oneza. Nimeuma midomo mpaka imechubuka."

"Anasema nini?"

"Anasema: aliyenyamazisha jina langu, nitamnyamazishia mtoto. Anasema zamu yangu ni siku ya onyesho."

Mama mtu aliyasikia kutoka nje ya mlango. Akaingia. "Mume wangu, ulimfanya nini yule marehemu?"

"Nimfanye nini mimi? Kifua ndicho kilichomuua."

"Sikukuuliza amekufa kwa nini."

Akaitwa shekhe mmoja msomaji, mtu mpole mwenye jina la kuwaondoa majini wakaidi. Kufuli la shimo likafunguliwa. Alikaa mbele ya kile kijimlango cha chini, akasoma kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na harufu ya mnanaa haikupungua. Mwishowe alikifunga kitabu.

"Huyu si marehemu," akasema. "Huyu ni karini, jini anayefuatana na mtu tangu kuzaliwa. Mtu hufa, karini hubaki na sauti yake na machungu yake. Majini wavamizi nawafukuza kila wiki. Huyu hakuvamia, Mwalimu. Amekuja kudai."

"Msomee zaidi, shekhe wangu. Au niliahirishe onyesho."

"Ukiahirisha atahamia kwako, njia ameshaijua. Na nimsomee nini? Haki ya mja haifutwi na kisomo, mpaka irudi kwa mwenyewe. Simama mbele ya hao hao watakaokupigia makofi, useme kazi ni ya nani. Yote. Usimpunje hata nukta moja."

Mwalimu aliahidi, na nadhani siku ile alikuwa mkweli. Lakini siku ya onyesho ukumbi ulipojaa, akaziona nyuso za wakuu zikimtabasamia, ulimi uliingiwa na woga. Akasema, "Katika kazi yangu hii, nilipata msaada mdogo wa marehemu msaidizi wangu." Makofi yakavuma. Shekhe, aliyekaa safu ya nyuma, alijishika kichwa.

Binti akatoka jukwaani na taji lake la karatasi, akaimba, na watu wakasahau kujipepea. Kisha mnanaa ukapanda kutoka sakafuni, mkali, baridi, ukaenea safu kwa safu hata watu wakawa wanageukiana, na Mwalimu kando ya jukwaa akaona macho ya mwanawe yakishuka taratibu kuelekea shimoni, akaona midomo yake ikianza kucheza kumfuata asiyeonekana, ikifumbwa, ikifumbuka, ikifumbwa tena kwa meno hata ikatoka damu, akajua kwamba pumzi inayofuata ndiyo ya mwisho yenye sauti, akakimbia, akajigonga kwenye ngazi, akapita kile kijimlango kwa magoti, akatambaa gizani hadi kwenye kiti cha mnong'onezi ili amtangulizie mtoto maneno ya kweli, akakaa, na kiti kilikuwa na mtu, naye mtu yule hakuondoka, bali alimpakata kama apakatwavyo mtoto, akaweka midomo ya baridi sikioni mwake, akaanza kunong'ona.

Ukumbi mzima ulisikia. Kutoka chini ya jukwaa, kwa kinywa cha Mwalimu, ilitoka sauti ya mwanamke, safi, isiyo na kikohozi, ikiimba habari ya wembe na ya kona iliyokatwa, kisha ikataja jina kamili la mtunzi, lake, la baba yake na la babu yake. Mpiga piano hakujua lini vidole vyake vilianza kuifuata. Binti alifunika uso akalia, na kilio chake kilisikika. Kasuku, katika safu ya tatu, alipiga ukelele. Besi akasema, "Mungu wangu," kwa sauti nene, akajishika koo.

Mwalimu walimtoa wakimkokota, mzima wa mwili. Nakala zote zilichapwa upya kwa jina la mwenyewe, na harufu ikaondoka ukumbini.

Ukumbini tu. Mke wake ananiambia kwamba mumewe hana tena neno lake mwenyewe. Ukimuuliza kama ana kiu, hukutazama, kisha huinamisha kichwa upande mmoja na kungoja apewe jibu. Siku nyingine hupewa upesi, naye hulisema kwa sauti ile ya kike. Siku nyingine anayempa hana haraka, na mume hungoja na machozi yakimtoka, tangu asubuhi, glasi ikiwa mbele yake.

Nanyi mlionisikiliza, Mola awaachie ndimi zenu ziwe zenu, awalindie watoto wenu na madeni msiyoyasema, na awape wepesi wa kulitaja jina la mwenye haki angali hai wa kuitika. Amina.