Gunia la Kukhu

Kila alipotoka shule, Everline alimkuta nyanya yake pale pale alipomwacha asubuhi: kwenye kile kiti kizuri chenye kitambaa cha kufuma, miguu juu ya kigoda, mikono mapajani. Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya, alikuwa ameletwa mtaa wa Tena, jijini Nairobi, kutoka Bungoma mwaka huo wa 1994, babu alipofariki. Tangu siku hiyo hakuna aliyemruhusu kuinua hata kikombe.

"Kukhu, wewe keti tu," Mama alisema kila mara, akimpokonya ufagio.

"Umefanya kazi ya kutosha, Mama. Pumzika," aliongeza Baba, Bwana Mukhwana.

Everline naye hakubaki nyuma. Alikimbia kumvua Kukhu viatu kabla hajainama. Ilikuwa heshima tupu, nyumba nzima. Kama heshima ingekuwa chakula, Kukhu angenenepa. Badala yake alizidi kukonda.

Jumatatu moja, Mbinya, rafiki wa Everline wa mlango wa pili, alimsubiri kwenye ngazi.

"Sasa, Evy! Shosho yako nimemwona kwa Mama Teresiah, pale anapouza maharagwe. Anaokota takataka! Wazee wakifika Nairobi huchanganyikiwa, kwani hujui?"

Everline aliona haya hadi masikio yakapata moto. Aliingia ndani mbio, akachungulia chini ya kitanda walicholalia yeye na Kukhu. Kweli, palikuwa na gunia lililojaa maganda makavu ya maharagwe. Kukhu alikuwa amesinzia kitini. Everline hakumuuliza lolote. Alilibeba gunia akalimwaga jaani, na Baba aliporudi kutoka kiwandani akamnong'oneza, "Kukhu anaokota takataka na kuzificha. Nadhani akili zake zimechoka."

Baba alimtazama Kukhu pale kitini.

"Basi mji haumfai," alisema. "Jumamosi nitampandisha basi arudi nyumbani. Shangazi yako atamwangalia."

Hilo Everline hakulitarajia. Alimpenda Kukhu sana. Nani sasa angemsimulia utundu wa Baba alipokuwa mdogo? Kukhu alipoambiwa habari ya safari, alijibu tu, "Sawa, mwanangu." Kisha Everline alimwona akiinama polepole, akipapasa chini ya kitanda, na kuinuka mikono mitupu.

Ijumaa alasiri, Baba na Mama wakiwa bado kazini, Everline alishindwa kuvumilia.

"Kukhu, yale maganda yalikuwa ya nini?"

Kukhu alimtazama, akacheka kidogo. "Tangu nifike hapa nimeulizwa kama nimekula, kama nimelala, kama magoti yananiuma. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza ninafanya nini. Yalikuwa ya munyu, chumvi yetu ya majivu. Mama yako hutia magadi kwenye murenda ili mboga ilainike, nami nasikia ladha ya sabuni. Lakini nitamwambiaje mwenye jiko? Nilitaka tu nimpikie mwanangu siku moja."

"Ni mimi niliyeyatupa," Everline alisema, machozi yakimtoka.

"Najua. Kwani gunia lina miguu? Haya, lete viatu vyangu. La, usinivishe! Lete tu."

Mama Teresiah aliwapa maganda mengine bila kinyongo. Kukhu aliyachoma nyuma ya nyumba, akatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji kidogo kidogo. Yakaanza kutona maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa: munyu wenyewe.

"Shika vizuri, usitikise," aliamuru. Everline hakuwahi kumsikia akizungumza kwa sauti ile.

Jioni Baba alitia mdomoni tonge la ugali na murenda, akaacha kutafuna.

"Nani amepika?"

"Mimi," Kukhu alisema.

Baba alikata tonge jingine, akafuta macho akisingizia moshi. Mama alikuwa amekwisha kujiongezea mboga mara ya pili. Everline alijikaza.

"Baba, nilikwambia jambo nisilolijua. Kukhu ana akili timamu. Alikuwa akitengeneza munyu, nami sikumuuliza."

"Hata mimi sikumuuliza," Baba alisema taratibu. "Mama, nisamehe. Nilidhani kukuheshimu ni kukuketisha."

"Kule nyumbani mtu mzee huitwa ili aonyeshe kazi," Kukhu alijibu. "Hapa huambiwa apumzike. Kupumzika ni kuzuri, lakini mimi nimepumzishwa hadi nikajiona kama sipo. Everline, ukimwona mzee akifanya jambo usilolielewa, muulize kwanza. Huenda anajua kitu."

Jumamosi basi la Bungoma liliondoka bila Kukhu. Alikuwa nyuma ya nyumba, amejifunga leso kiunoni, akimfundisha Mbinya kushika kopo. Everline alipanda ngazi kuchota maji, akakikuta kile kiti kizuri kitupu. Akaketi kidogo, akanyoosha miguu kwenye kigoda.

"Everline!" sauti ya Kukhu ikapanda kutoka chini. "Umeshazeeka? Njoo ufanye kazi!"