Sahihi Kwenye Mlango wa Lifti

Asubuhi ile ya Jumatatu, mapokezi ya hosteli yalijaa watu na mabegi hadi pa kuweka mguu palikuwa pa kutafuta. Lilikuwa jengo kuukuu la katikati ya jiji, zamani ofisi za bima, lenye madirisha marefu na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe vilivyolika katikati. Siku hizi vyumba vyake vilijazwa vitanda vya juu na chini, vinane vinane, na humo walilala wasafiri wenye mabegi ya mgongoni pamoja na watu waliokuja kufanya kazi ya miezi miwili mitatu, kama yeye.

Alikuwa mshonaji. Ukumbi wa maigizo wa mtaa wa pili ulimwita ashone mavazi ya mchezo mpya, naye akaja na cherehani yake mwenyewe, kwa kuwa cherehani ya mtu mwingine haikumkaa mkononi. Siku hiyo alivaa blauzi ya kitani, rangi ya chungwa bivu, iliyomchukua siku nne kuishona.

"Ghorofa ya nne, chumba cha wanawake," mpokezi alimwambia bila kuinua macho.

Pembeni aliona mlango wa lifti uko wazi. Akakumbatia cherehani, akapenya katikati ya watu. Aliinua mguu aingie, na papo hapo mkono ukamshika bega kwa nyuma, ukamvuta. Mshono wa bega ukaachia krrr! mpaka kwapani.

"We mwanaume, una wazimu?" akafoka. "Unajua nimeishona siku ngapi blauzi hii?"

"Dada, tazama kwanza ulikokuwa unakwenda."

Akatazama. Hapakuwa na sakafu. Palikuwa na shimo jeusi, kamba za chuma zikining'inia, na ubaridi wenye harufu ya grisi ukimpanda usoni. Akarudi nyuma hatua moja, lakini ulimi haukurudi nyuma hata kidogo.

"Na shimo kama hili limeachwa wazi na nani?"

"Na mimi. Niligeuka kidogo tu, nichukue kizuizi."

"Uligeuka! Watu wanazikwa kwa sababu ya mafundi waliogeuka kidogo tu!"

Kijana yule, mrefu, ovaroli ya buluu imejaa mafuta, hakujitetea. "Kweli. Kosa langu," akasema, kisha akaichukua cherehani na kuipandisha ngazi zote bila kupumzika. Walipofika juu alikuwa anahema kama mvukuto, na mshonaji alikuwa anajizuia kucheka.

Lifti ile ilikuwa imekufa miaka kumi na moja, na yeye ndiye fundi aliyeitwa kuifufua. Naye alitoka mji mwingine, akalala chumba cha wanaume ghorofa ya tatu. Walikutana jikoni, kwenye jokofu la wote ambamo kila mtu aliandika jina kwenye chakula chake na bado kikaliwa. Siku moja kijana alimkuta mshonaji anaandika "Fundi Sindano" kwenye chupa ya maziwa.

"Ndivyo unavyoitwa?"

"Ndivyo wenzangu wa chumbani wanavyoniita. Na wewe?"

"Mimi sina jina. Nipe."

"Lifti. Maana na wewe unapanda kwa shida."

Kijana alicheka mpaka akashika meza. Kuanzia hapo, kila adhuhuri simu ya mshonaji iliita juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Sindano wangu, umekula?"

"Wangu? Umenisajili lini?"

"Maombi yako mezani. Nangoja mhuri."

"Ngoja sana, mpenzi," alisema, na neno lile la mwisho lilimtoka kabla hajalizuia. Upande wa pili wa simu mtu akaanza kupiga mluzi kwa furaha.

Aliyewaona mapema kuliko wote alikuwa Mama Funguo, msafishaji na mtunza funguo wa hosteli, mama wa makamo mwenye goti bovu aliyepandisha mashuka ghorofa nne kila siku. Ndiye aliyempa mshonaji kitanda cha dirishani. "Mwanangu," humwambia fundi, "nifufulie hiyo lifti kabla goti halijanizika." Naye humjibu, "Mama, wewe ndiye utakuwa abiria wa kwanza."

Jumapili moja mchana fundi alimpeleka Sindano kwenye chumba cha mitambo juu ya paa. Alimwonyesha magurudumu, kamba, na mwisho breki, akiishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Hii imekwisha kabisa. Mpya inakuja. Ikishindwa hii, vingine vyote ni mapambo." Bosi mwenye jengo alichungulia mlangoni, akasema "endeleeni," akaondoka. Fundi akageuka. "Kazi hii ikiisha, nataka nimwone shangazi yako."

Shangazi ndiye aliyemlea. Mshonaji aliangalia mapaa ya jiji asionekane uso. "Shangazi yangu ana maswali mengi."

"Nitamjibu yote."

Ijumaa iliyofuata, fundi akiwa amesafiri kuifuata breki, mshonaji alishuka akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa lifti: Imekaguliwa. Ni salama. Chini yake ile sahihi yenye mkia mrefu, aliyoizoea kwenye vikaratasi vya jokofuni. Moyo ukamfurahi. Akadhani fundi amerudi usiku na breki na kazi imekwisha, akaenda zake kazini.

Saa sita mpokezi akampigia akilia. Mama Funguo aliingia na mashuka ghorofa ya tatu, lifti ikashuka isisimame, ikajipiga chini. Mguu umevunjika mara mbili.

Fundi aliwasili hospitali jioni ile ile, breki mpya bado imo kwenye begi. Sindano alimkuta kwenye korido.

"Niambie wameghushi sahihi yako," alisema. "Niambie hivyo tu, nitakuamini."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Fundi akatikisa kichwa. "Hapana. Ni sahihi yangu."

"Ulitia sahihi, na breki unajua imekwisha?"

"Bosi mwenye jengo alinibana. Alisema kuna kundi la wageni linakuja, anataka karatasi iwe tayari. Nikamwambia asiibandike mpaka nirudi. Lifti niliizima, chumba cha mitambo nikakifunga, ufunguo huu hapa. Sikujua ana wa pili."

"Kwa hiyo kosa ni la ufunguo?"

"Sindano..."

"Usiniite hivyo! Mimi ulinichania nguo nisitumbukie. Mimi ulinishika kwa mkono! Mama Funguo ukampa karatasi." Sauti ilimpanda, manesi wakageuka. "Nenda. Usinipigie."

Lakini alipiga. Alipiga siku kumi na mbili mfululizo, na simu ikalia juu ya vitambaa hadi washonaji wenzake Sindano wakaifunika kwa mto. Sindano mwenyewe alikata gauni la malkia vibaya mara mbili. Usiku hakulia; hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

Na hasira ikapata chakula. Bosi alisimama mapokezi, suti imenyooka, akiwaeleza wageni kwamba msafishaji alizidisha mzigo wa mashuka. Zaidi ya hapo, alikuwa na barua aliyotaka Mama Funguo aitie alama ya kidole akiri uzembe wake.

"Mashuka?" Sindano alidakia kutoka kwenye ngazi. "Mama wa watu kapandisha mashuka yako kwa goti moja miaka kumi na moja, leo mashuka ndiyo yamevunja lifti? Huna haya? Hiyo barua itie kidole wewe!"

Wageni wakapiga makofi. Bosi akakumbuka ana simu ya kupokea.

Siku hiyo Sindano alikwenda hospitali moja kwa moja. Mama Funguo alimsikiliza, kisha akasema taratibu, "Hata mwenzio alikuja na mtu wa ofisi ya usalama kazini. Huja kila asubuhi, kabla yako."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kunifulia. Na yule afisa alipouliza nani mkosaji, alijitaja mwenyewe kwanza, ndipo akamtaja bosi. Kuna kikao Jumatano."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hasira yako ilikuwa ya haki. Nani angekuzuia?"

Jioni simu iliita, na kwa mara ya kwanza tangu ajali aliipokea.

"Usikate," fundi alisema haraka. "Sikupigii kujitetea. Bosi anasema hakujua breki ni mbovu, na mimi peke yangu sitaaminiwa. Lakini siku niliyokupeleka juu, yeye alisimama mlangoni, akanisikia nikikuambia. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Bosi alichungulia, akasema "endeleeni," akaondoka. "Nikisema hayo, nitakuwa nasema wewe pia ulijua. Leseni yako itakwenda."

"Iende. Mama Funguo asibebe mzigo wetu. Useme yote, usinihurumie."

Jumatano alivaa gauni jeusi lisilo na pambo, akasimama mbele ya meza ndefu, akasema yote. Alisema tarehe, alisema maneno ya breki, alisema nani alisimama mlangoni. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipotaja sahihi. Bosi aliamriwa kumgharamia Mama Funguo matibabu na kumlipa fidia, na hosteli ikafungwa hadi jengo likaguliwe upya. Fundi alinyang'anywa leseni mwaka mzima.

Walikutana nje kwenye ngazi za ofisi, jua la mchana likiwaka. Fundi alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, mistari miwili kila mkono.

"Ahsante," alisema.

"Usinishukuru. Nimekumaliza."

"Nilijimaliza mwenyewe. Wewe umesema kweli."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Nami sina kazi tena, na sahihi yangu haifai hata kupokelea barua. Kwa hiyo lile la shangazi..." Akatazama viatu vyake. "Nalirudisha. Sina uso wa kuliomba."

Damu ilimchemka upya. "Ala! Yaani unaniamulia? Umetia sahihi bila kuniuliza, na sasa unaifuta bila kuniuliza?"

Fundi akainua macho. Sindano alikuwa tayari ametoa simu, machozi yaliyogoma wiki mbili yakimtiririka bila haya.

"Shikamoo, shangazi. Jumamosi nakuja na mtu... Ndiyo, wa kiume... Hapana, kazi hana, alikuwa nayo. Ana kosa kubwa la kukueleza, kwa mdomo wake, asipunguze neno. Halafu, usipomfukuza, ana jambo la kukuomba."

Kisha sauti ya shangazi ikasikika hadi alipokuwa fundi.

"Ataanza na kosa ndipo aombe?"

Fundi aliisogelea simu. "Ndiyo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Njooni asubuhi. Nina maswali mengi."