Sanduku la Siku ya Posho

Kila alasiri Sandrine akirudi kutoka shuleni alifanya mambo yale yale. Alikung'uta theluji chafu viatuni, akatundika koti, akachovya kidole sufuriani kuonja, kisha akasimama mbele ya friji kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake. Alikuwa ameisoma mara nyingi mno, lakini aliisoma tena kwa sababu ilianza na jina lake.

Iliandikwa na kaka yake mkubwa Balagizi, ambaye wadogo zake walimwita Yaya, kijana wa miaka ishirini na minne aliyefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani. Mwaka huo wa 2014 aliamua kuvuka jangwa la Arizona kwa miguu, yeye na Marcellin, mwenzake wa kazi. Mama yao, Emérence, alipoambiwa alicheka hadi akaketi.

"Siye tulitembea juma nzima tukikimbia risasi," alisema. "Weye unaomba congé, likizo ya kazi, ili uende kutembea?"

"Ndiyo sababu, Mama," Balagizi alijibu. "Nataka nitembee mara moja bila mtu kunifukuza."

Safari yenyewe haikuwa mchezo. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni siku tano, na katikati hakuna duka wala kibanda. Hakuna awezaye kubeba chakula cha safari nzima mgongoni. Kwa hiyo Balagizi alipanga masanduku matatu, kila moja la siku tano: unga wa muhogo, karanga za kukaanga, samaki wadogo wa sambaza waliokaushwa, tambi, sukari na chumvi, vyote vimepimwa kwa mizani. Mawili aliyatuma mwenyewe kwenye posta ndogo za njiani. La tatu alimwachia Sandrine, kwa kuwa posta ya tatu haikai na mzigo zaidi ya siku kumi. Karatasi ilisema: "Sandrine. Sanduku la tatu ulitume siku ya posho, mwanzo wa mwezi wa ine."

Sandrine alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alizaliwa katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Kambini siku ya posho ilikuwa siku ya kugawiwa chakula. Hapa Buffalo, katika nyumba yao karibu na barabara ya Bailey, neno hilo lilihamia kwenye kadi ya chakula. Kadi ilijazwa kila tarehe tisa, na Mama alisema, "Leo siku ya posho," wote wakaenda dukani. Sandrine hakuwa na shaka hata chembe. Sanduku lingeondoka tarehe tisa.

Jumamosi ya tarehe tano Aprili asubuhi, Précieuse aliingia chumbani akiwa amekwisha kuvaa koti. Précieuse alikuwa binti wa mama yao mdogo, mwenye miaka kumi na minne. Alilelewa na bibi yao huko Bukavu, na alikuwa amejiunga nao mwaka mmoja tu uliopita.

"Twende posta," alisema. "Leo ni siku ya posho."

"Posho ni tarehe tisa."

"Hapana. Kwetu kuko siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Kisha posho, kisha siku ya Mungu. Siku ya posho ni samedi. Yaya Balagizi anaongea kama bibi."

Sandrine alihisi uso ukimchoma. Mama yake siku zote aliiita Jumamosi "samedi", kwa Kifaransa. Maana hii ya bibi hakuwahi kuisikia. Angeweza kuuliza, kwani Mama alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, amelala baada ya zamu ya usiku kiwandani. Lakini kuuliza kungekuwa kukubali kwamba mgeni wa mwaka mmoja anamjua kaka yake kuliko yeye. Mtoto akishakipanda kiburi, kumteremsha ni kazi.

"Karatasi ina jina lako?" aliuliza.

Précieuse aliinama akalishika sanduku lililokuwa kando ya kitanda, na Sandrine akampiga kofi la shavu. Précieuse akaliachia, akamrudishia ngumi ya kifua iliyomkata pumzi. Wakashikana nywele, wakaburutana sakafuni, wakapigana kwa viwiko na magoti bila hata mmoja kupiga kelele, kwa sababu wote wawili walikuwa wakimwogopa Mama. Sandrine alimng'ata mkono. Précieuse alimparura shingoni hadi ngozi ikatoka. Ndipo Sandrine akamsukuma kwa nguvu zake zote, na uso wa Précieuse ukagonga ukingo wa chuma wa kitanda.

Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kijiko kinachoanguka. Mdomo ulipasuka, jino la mbele likavunjika, na damu ikamwagika juu ya sanduku. Sandrine aliogopa sana, lakini hofu yake ilitoka kwa sauti ya ukali.

"Useme umeteleza kwenye barafu ya ngazi," alimnong'oneza. "Ukisema lingine, nitakuvunja na la pili."

Précieuse alisema ameteleza. Hospitalini walimshona nyuzi tatu. Sandrine alilisukuma sanduku chini ya kitanda, akafunga shingo kwa kitambaa, na kwa siku nne hawakuzungumza.

Jumatano, tarehe tisa, Sandrine alirudi kutoka shuleni mbio. Alikuwa ameinama kulivuta sanduku, simu ya nyumbani ikalia.

"Sandrine, sanduku haliko!" Ilikuwa sauti ya Balagizi, kavu na ya kukwaruza. "Tumefika posta leo, hawana kitu. Ulilituma siku ya posho?"

Alilitazama sanduku miguuni pake. Ilikuwa rahisi kusema kweli, na mdomo wake ukasema uongo.

"Nililituma, Yaya."

"Bon, sawa. Basi wamelipitisha kituo cha mbele. Tumebaki na vikombe viwili vya karanga. Tutajikaza hizo siku tano, tulikute huko."

"Ndugu zako wamesahau!" Marcellin alipaza sauti kwa nyuma. "Na karanga zangu ulizila weye!"

"Nimekula nini? Rudia," Balagizi alifoka.

Sandrine alisikia kishindo, kisha kingine, kisha fimbo ikigonga kitu kisicho mti. Mwanamke alipiga kelele kwa Kiingereza. Simu ikakatika.

Précieuse alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umevimba, nyuzi nyeusi zikionekana.

"Utamwambia Mama?" aliuliza taratibu.

Sandrine alikunja ngumi, akainua mkono. Précieuse hakurudi nyuma. Alifumba macho tu, akangoja kupigwa, na kuona uso ule unavyongoja kulimuumiza Sandrine kuliko ngumi yoyote aliyopata Jumamosi. Alitazama chini. Damu ilikuwa imekaukia juu ya jina la Balagizi. Siku tano jangwani kwa vikombe viwili vya karanga, huku sanduku likiwa hapa chumbani. Mkono ukashuka.

Alimwamsha Mama, akamwambia yote: karatasi, jino, ngazi, uongo wa simu. Alilia akisema, na hakujitetea. Emérence alisikiliza akiwa amekaa kitandani. Mkono wake ulipanda mara moja juu, Sandrine akajikunyata, lakini Mama aliurudisha mapajani.

"Piga ile namba iliyotupigia," alisema. "Uzungumze weye. Kiingereza unakijua kunishinda."

Namba ilikuwa ya duka la vipuri vya magari lililo pembeni ya posta ile, na aliyepokea ni mwenye duka, mama aliyeitwa Zita. Alisema vijana hao walikuwa wametwangana mbele ya mlango wake, mmoja kapasuka nyusi, mpaka akawaachanisha kwa mpira wa kumwagilia maji. Waliondoka nusu saa iliyopita, kila mmoja upande wake wa njia.

"Tafadhali wafuate," Sandrine alisema, na ilimbidi arudie kwa sauti mbele ya Mama na Précieuse. "Sanduku haliko mbele. Liko hapa. Nilidanganya."

Zita alisema anachukua gari. Baada ya dakika arobaini simu ililia tena. Alikuwa amewapata kwa gari, amewarudisha na kuwakalisha kivulini. Nyuma ya duka lake lilikuwapo pipa wasilolijua vijana, ambamo wasafiri waliozidiwa na mizigo huacha chakula, na waliopungukiwa huchukua bure. Wangekula humo hadi sanduku lifike.

"Hakuna msimamizi wa pipa?" Emérence aliuliza, na Sandrine akatafsiri.

"Hakuna," Zita alijibu. "Kila mtu huchukua kinachomtosha."

Emérence alikata simu. Kisha akawaita wasichana wote wawili, akasogeza kilemba chake juu. Kwenye paji la uso palikuwa na kovu refu ambalo Sandrine alilijua tangu utotoni, lakini hakuwahi kuambiwa lilikotoka.

"Hili nililipata siku ya posho," alisema. "Kambini. Mtu alisema nimeruka foleni, mimi nikasema sikuruka. Hatukuulizana. Alinipiga na kopo la mafuta, na weye, Sandrine, ulikuwa mgongoni. Nilivuka bahari na batoto bangu ili hiyo fimbo ibaki kule. Leo naiona chini ya kitanda, nyumbani kwangu."

Sandrine aliinamisha kichwa.

"Neno moja linaweza kuwa na maana mbili," Mama aliendelea. "Hilo si kosa lako, ni la safari zetu. Kosa lako ni kwamba hukuuliza, ukapiga. Kisha ukadanganya ili usionekane umepiga, na kaka yako akapigana na rafiki yake kwa uongo wako. Asiyejua anauliza. Aliyekosa anasema mapema, wakati bado kunatengenezeka. Hapa nyumbani kwangu hakuna anayejua jambo kwa ngumi."

Sandrine alimgeukia Précieuse. "Nisamehe," alisema. "Nilijua Mama angekupa haki, ndiyo sababu sikumuuliza."

Précieuse hakusema amesamehe. Alichukua koti lake, akashika upande mmoja wa sanduku, akangoja mwenzake ashike wa pili. Wakalipeleka posta kabla haijafungwa.

Jumamosi iliyofuata Balagizi alipiga simu, mdomo umejaa sambaza, na Marcellin akicheka karibu naye. Sandrine alipoweka simu chini alimkuta Précieuse akifunga viatu.

"Précieuse," alimuuliza, "leo ni siku gani?"

Précieuse alimtazama kuona kama anamdhihaki. Kisha akatabasamu, na pengo la jino likaonekana lote.

"Leo siku ya posho," alisema.