Akiba ya Mshono

Walikutana duka la vitambaa, siku ya punguzo, kila mmoja ameshika ncha yake ya kitambaa kilekile cha kijani, cha mwisho. Mwanamke, mwalimu wa hesabu, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, hakuachia. Mwanamume, fundi cherehani asiyevua tepu shingoni hata akienda dukani, aliachia kwa sharti moja: gauni lake alishone yeye.

Na alimshonea kweli. Fundi yule hakukata kitambaa cha mtu bila kumpima mara mbili, na ndani ya kila mshono aliacha akiba ya kitambaa, maana miili hubadilika. Gauni lilimkaa Mwalimu hadi wenzake wakakosa la kusema. Tangu hapo simu hazikukatika. Alimwita "mteja wangu mkorofi," naye akaitwa "Babu Tepu," na watu wazima wale wenye mvi wakawa wanachekelea simu bila aibu.

Kisha simu zikapungua. Mara Fundi ana kazi nyingi, mara chaji imeisha. Mwalimu aliumia, akajiambia kuna mwanamke mwingine. Asubuhi moja akavaa gauni lake la kijani, akamfuata kazini apate jibu ana kwa ana.

Fundi aliacha kushona, akamweleza. Ana saratani ya tezi dume, imegundulika mapema. Daktari amempa njia mbili, upasuaji au mionzi, na kwa hali yake matumaini ya kupona yanakaribiana. Tofauti iko kwenye madhara. Upasuaji ungeweza kumwacha akivuja mkojo kwa miezi, pengine zaidi, na nguvu za kiume zingeweza kupotea mara moja. Mionzi ingemchosha, ingemsumbua chooni, na nguvu hizo zingeweza kufifia polepole, miaka ikienda.

"Nimeona nikuache uende zako," alisema. "Utapata mume mzima."

Mwalimu alikasirika, na papo hapo akampenda zaidi.

"Hujawahi kumkatia mtu nguo bila kumpima. Mimi umenikatia bila hata kuniuliza."

Fundi alilitazama gauni la kijani aliloshona mwenyewe.

"Haya, niambie. Mimi niweke pembeni. Wewe mwenyewe unaogopa nini zaidi?"

Alifikiri kwanza, na nampenda mtu anayefikiri kabla ya kujibu swali kama hilo. Akasema anaogopa kupiga magoti kumpima mteja huku suruali imelowa. Ya kitandani, akaongeza kwa sauti ndogo, yanamtisha kwa sababu yake yeye, Mwalimu.

"Ya kitandani ni ya wawili, tutayatafutia njia wawili," Mwalimu akamwambia. "Ya suruali ni yako. Anzia hapo kuamua."

Walirudi kwa daktari pamoja, wakauliza hadi maswali yakawaishia, na Fundi akachagua mionzi kwa kinywa chake mwenyewe. Walipotoka, pale mlangoni pa hospitali palipojaa watu, Mwalimu alimvua tepu shingoni, akamzungushia kiunoni.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nakupima suti ya harusi. Ukiishona, acha akiba ndani. Mionzi ikikukondesha au ikikunenepesha, tutarekebisha."

Fundi, aliyepima viuno vya nusu ya mtaa, alisimama wima akapimwa, machozi yakimtoka mbele za watu.

"Pima mara mbili, Mwalimu," alisema. "Nataka inikae."