Mtaro Ulioziba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Mbithe alikuwa na kazi moja ya nyumbani: kugawa taka za jana. Mama yake, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo hapo Thika, aliondoka mapema na kumwachia chai kwenye thamosi. Maganda ya viazi na mabaki ya mboga yalitiwa kwenye ndoo na kupelekwa kwenye shimo la mboji, kando ya magunia waliyopandia sukuma wiki. Chupa za plastiki zilisuuzwa na kuwekewa mwanamke aliyepita mtaani kwao Makongeni kila Jumamosi kuzikusanya. Nguo zilizochakaa alipewa Mzee Nzioki, fundi cherehani wa chumba cha mwisho katika ploti yao ya vyumba vya kupanga, naye akazishona zikawa mifuko ya kuendea sokoni.

Lakini kwa wiki tatu Mbithe hakuifanya kazi hiyo. Ndoo ilinuka, shimo lilikuwa mwisho kabisa wa ploti, nao mtaro ulikuwa karibu, nyuma ya mabafu. Akawa anamwaga kila kitu humo: maganda, chupa, pakiti za maziwa, hata sketi yake ya buluu iliyopasuka. Kisha alinawa mikono akaenda zake.

Na huko shuleni hakuna mwanafunzi aliyejua habari za taka kumshinda. Alikuwa Gredi ya Sita na mwenyekiti wa chama cha mazingira. Wakati wa gwaride la asubuhi, shule nzima ikiwa imejipanga, alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba mabaki ya chakula yakirundikwa jaani yakaoza bila hewa, hutoa gesi inayozidisha joto duniani. Alieleza pia kwamba kitu kinachotumika tena huokoa mafuta na umeme wa kutengeneza kipya. Walimu walimpigia makofi.

Jumatano moja mvua kubwa ilinyesha mchana. Mbithe aliporudi kutoka shuleni, aliwakuta majirani wamesimama uani katika maji machafu yaliyowafika vifundoni. Mtaro ulikuwa umeziba, maji yakarudi nyuma na kuingia katika chumba cha Mzee Nzioki. Mzee mwenyewe alikuwa ameinama mlangoni akitoa mifuko mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameishona mwezi mzima kwa vipande vya jinzi kuukuu. Sasa yote ilichuruzika maji meusi.

Bwana Muasya, msimamizi wa ploti, alitia koleo mtaroni. Yakatoka maganda ya viazi, na mengine, na mengine tena. Akamgeukia Mama Janice, aliyekaanga chipsi langoni.

"Mama Janice, nani mwingine hapa anamenya viazi vingi hivi?"

"Maganda yangu huchukuliwa na mtu wa nguruwe kila jioni. Muulize."

"Mimi naona ninachokiona. Kuanzia kesho usiwashe jiko hapa."

 Mama Janice alilifunika karai lake polepole. Binti yake Janice, aliyesoma darasa moja na Mbithe, alisimama kando akitazama chini.

Mbithe alipiga hatua mbele ili aseme ukweli. Hapo akaona, katikati ya uchafu ule, kipande cha buluu. Ilikuwa sketi yake. Akasogea taratibu, akaikanyaga mpaka ikazama matopeni.

Kesho yake mwalimu alimwita tena mbele ya gwaride azungumze juu ya usafi wa mitaro, kwa sababu ya mvua. Mbithe alisema maneno machache tu. Wanafunzi walipiga makofi, na katika safu ya tatu Janice naye alipiga. Mbithe alishuka jukwaani uso ukimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hakuweza kula.

"Una nini?" mama yake aliuliza.

"Mama, si Mama Janice aliyeziba mtaro. Ni mimi."

Mama aliweka kijiko chini. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na kila nilipokuuliza kama umepeleka ndoo shimoni?"

"Nilikudanganya."

Mama hakumpigia kelele. Alisukuma sahani yake kando, akasimama. Kisha akasema, "Vaa viatu. Utakwenda kusema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako tu."

Walianza kwa Bwana Muasya, kisha wote watatu wakaenda kwa Mama Janice. Karai lilikuwa limegeuzwa juu chini kando ya mlango. Mbithe alieleza yote, hata habari ya sketi.

"Kwa hiyo ulisimama pale nikifukuzwa?" Mama Janice aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo. Nisamehe, Mama Janice."

"Nimesikia," alisema, akalitazama karai lake.

Bwana Muasya alikohoa, akavua kofia. "Hata mimi nilihukumu upesi, mama. Washa jiko lako kesho. Pole sana."

Jumamosi Mbithe alishinda mtaroni na Bwana Muasya. Alitenga chupa kwenye gunia na maganda kwenye ndoo, akiziba pua kwa leso. Baadaye alimwungamia Mzee Nzioki pia, akaifua mifuko yake kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, mpaka vidole vikamuuma. Zaidi ya nusu iliokoka. Ile iliyoharibika, yeye na mzee waliifumua pamoja, wakaokoa zipu na vishikio.

Walipokuwa wakifumua, Janice alikuja amebeba beseni. Hakumtazama Mbithe usoni.

"Mtu wa nguruwe hajaja leo. Mama ameuliza kama shimo lenu la mboji lina nafasi."

"Ipo. Twende nikuonyeshe," Mbithe alisema kwa sauti ndogo.

"Ngojeni kidogo," Mzee Nzioki aliwaambia, sindano ikiwa mkononi. "Mbithe, yale unayosema gwaridani ni ya kweli. Ganda likienda shimoni badala ya jaani, na jinzi kuukuu ikawa mfuko, tunaipunguzia dunia joto, hata kama ni kidogo. Lakini dunia haisikii hotuba. Inasikia tunachofanya tukiwa peke yetu nyuma ya mabafu. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Aibu unayoisikia leo usiikimbie, ikufundishe. Sasa nendeni, maganda yanaanza kunuka."

Mbithe akashika upande mmoja wa beseni, Janice akashika wa pili.