Kisiki Chini ya Theluji

Kisiki kilikuwa kimefunikwa na theluji, ndiyo maana hakuna aliyekiona. Lydie aliteremka akicheka, amekaa juu ya kibao chekundu cha plastiki cha kutelezea, mikono juu, na baba yake, Cirhuza, akikimbia nyuma huku akimshangilia. Kisha ukasikika mlio mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Kicheko kikakatika.

Cirhuza alipomfikia, mtoto alikuwa amelala ubavu, midomo myeupe, paja la kulia limepinda mahali ambapo paja halina kiungo.

"Usiniguse," alisema Lydie kwa sauti ndogo. "Papa, please, usiniguse."

Alikuwa na miaka tisa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, majira ya baridi huko Australia, mwaka ule wa kwanza wa corona, na walikuwa wametoka Guildford, mtaa wa Sydney, alfajiri, wakavuka milima mpaka kwenye misitu ya misonobari karibu na Oberon, kwa sababu Cirhuza alimwahidi mwanawe theluji. Mwaka huo mtoto alikuwa amesomea kwenye meza ya jikoni, ibada zikawa za kwenye simu, na mama yake, Cécile, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee katika makao ya wazee, alikuwa analala peke yake sebuleni asije akaleta ugonjwa chumbani kwa mwanawe. Majuma mengi hakuwa amemkumbatia. Hata ndani ya gari siku hiyo alikaa mbele na barakoa, dirisha wazi kidogo, baridi ikiwapiga wote watatu.

Sasa Cécile alikuja akiteleza mteremko mzima kwa makalio. Akapiga magoti, akaing'oa barakoa, akakichukua kichwa cha mtoto na kukibana kifuani.

"Niko hapa, mama. Niko hapa."

"Mama, the virus," alinong'ona Lydie.

"Virusi vingoje."

Alimpapasa mguu juu ya suruali, kisha akamvua kiatu na kugusa vidole kimoja kimoja.

"Damu?" aliuliza Cirhuza.

"Nje hakuna. Ndani sijui. Paja linaweza kumeza damu nyingi, Papa Lydie. Leta vitu vigumu. Virefu viwili."

Cirhuza alipanda mbio mpaka kwenye gari. Alikirukia kiti cha kukunja kwa miguu miwili, akachomoa vyuma vyake, akavuta mablanketi na mikanda ya mabegi. Cécile aliviringisha vyuma kwa sweta yake mwenyewe, akavilaza kila upande wa mguu. Walipofunga mkanda wa kwanza Lydie alipiga ukelele uliorudi kutoka upande wa pili wa bonde. Cirhuza alimwachia mkono wake auume. Aliuma kweli.

Theluji ilikuwa imeanza kuanguka tena, nzito, ya mapande makubwa. Walimlaza juu ya kile kile kibao chekundu, wakampandisha hadi barabara ya vumbi ya msituni. Hapo ndipo walipoona kwamba msonobari ulioelemewa na theluji umekatika na kulala katikati ya njia, nyuma ya gari lao. Cirhuza alishika matawi, akavuta, akasukuma kwa bega. Mti haukutikisika. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao. Taa ya mafuta ya gari ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Alidhani atajaza wakirudi.

"Nitaenda peke yangu," alisema. "Kuna nyumba tuliipita, ile yenye ng'ombe. Nyinyi mbaki ndani ya gari."

"Na ukipotea? Nitakuwa na wagonjwa wawili, na mmoja sijui aliko." Cécile alimgusa mtoto shingoni. "Mafuta yakiisha, gari ni friji. Twende wote."

Walimfunika kwa kila kitu walichokuwa nacho, hata mazulia ya gari. Cirhuza alifunga kamba ya kibao kiunoni, akaanza kuvuta. Cécile aliinama nyuma, akikishika kibao kisiyumbe, akizungumza na mtoto bila kunyamaza.

Mwanzoni barabara ilionekana. Baadaye ukungu ukashuka, na ardhi, mbingu na njia vikawa kitu kimoja cheupe. Cirhuza alisimama. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Maisha yake yote tangu Bukavu alikuwa ametembea njia ngumu, lakini hakuna hata moja iliyofutika miguuni pake namna hii.

"Unajua tulipo?" aliuliza Cécile.

"Hapana."

Hakumdanganya. Aliacha kamba, akaenda mikono mbele kama kipofu, mpaka kitu kikamchoma kiganja. Waya wa miba. Alicheka kwa sauti, damu ikimtoka.

"Mama Lydie! Uzio! Uzio una mwenyewe."

Walifuata uzio, nguzo kwa nguzo. Cirhuza alianguka, akaamka, akaanguka tena. Miguu ikawa ganzi, kamba ikamkata kiunoni. Kila walipopumzika Cécile alimpa mtoto maji tone tone kwa kifuniko cha chupa na kumshika vidole vya mguu.

"Baridi, lakini anavichezesha. Vuta."

Kisha Lydie akaacha kujibu.

"Lydie! Nitajie watoto wa darasa lenu. Wote. Anza."

Cirhuza alirudi nyuma kwa magoti. Cécile alifungua koti lake, akalala ubavuni mwa mtoto juu ya theluji, akamkumbatia mwili kwa mwili, akampulizia pumzi ya moto shingoni. Alikaa hivyo, akimwita kwa majina yote ya nyumbani, hata yale ya utotoni waliyokuwa wameyasahau.

"Mama," ilisema sauti chini ya blanketi, "unaniminya."

"Na nitakuminya zaidi. Papa Lydie, vuta!"

Ng'ombe ndio waliotangulia kuonekana, wamesongamana kando ya uzio, mvuke ukiwatoka puani. Kisha lango. Kisha taa.

Mwanamke mzee alifungua mlango nusu, akaziba mdomo kwa skafu. Aliuliza kama wanatoka Sydney. Cirhuza alisema ndiyo, akarudi nyuma. Mwanamke alieleza kwamba mumewe ana ugonjwa wa mapafu, hawezi kuwaingiza. Kisha akakiona kibao, na uso mdogo juu yake. Aliwafungulia ghala la nyasi kavu, akaleta hita, mablanketi na birika la chai, akaviweka mlangoni, akapiga simu. Hakurudi ndani kwake. Alisimama kwenye theluji, mbali kidogo, akiwaangalia, mpaka ambulensi ilipofika.

Mzazi mmoja tu, walisema wahudumu. Hiyo ndiyo amri ya wakati huu.

"Nenda, Mama Lydie," alisema Cirhuza. Aliinama, akaweka paji lake juu ya paji la mtoto. Milango ikafungwa.

Kesho yake jirani wa yule mwanamke aliukata mti kwa msumeno wa mashine, akampa Cirhuza na mafuta. Cirhuza aliendesha mpaka hospitali ya watoto Sydney bila kusimama. Walibadilishana zamu mlangoni. Cécile alitoka, macho mekundu, akamshika mume wake masikio yote mawili.

"Wameweka vyuma ndani ya mfupa. Atatembea. Ingia."

Lydie alikuwa amelala, mguu juu ya mto. Cirhuza alikaa kwenye kiti, akificha viganja vyake vilivyochanika. Njiani alikuwa ametunga maneno mengi ya kumwomba msamaha, na sasa aliyapanga upya: kisiki, mafuta, ahadi.

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, mashavu yaliyobonyea, midomo iliyopasuka kwa baridi.

"Papa," alisema, "umekula?"

Cirhuza alisogeza kiti karibu na kitanda. Akatikisa kichwa.

Lydie alisukuma sinia lake taratibu, lenye mkate na bakuli la uji, mpaka likagusa kifua cha baba.

"Kula. Nakuangalia."

Akala, machozi yakidondokea uji, na hakubakiza hata kijiko kimoja.