Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mara ya kwanza Mama Pindo alibisha mlango ule kwa mazoea tu. Nyumba alikuwa ameinunua juzi, vyumba vyote vitupu, na ufunguo wa chumba cha uani alikuwa nao mkononi. Akagonga kama mtu mwenye adabu zake, na sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani, bila haraka: "Ngoja, navaa."

Akangoja. Alisimama pale juani akingoja mpaka akili ikamrudia. Alipofungua hakukuta mtu. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya unyayo, na hewa ilinuka maziwa yaliyoungua.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa anakukunjia suruali huku umesimama unamsubiri. Ujane wake wote aliupitishia kwenye cherehani, na kila alichodunduliza alikitia kwenye nyumba hii: vyumba viwili mbele, kimoja uani, choo na bomba. Mdogo wake wa kiume, dalali wa vyumba, alikuwa amemfundisha mengi kabla hajanunua. Nyumba ikague siku ya mvua, usiikague siku ya jua. Usimpangishe ndugu, maana ukimdai kodi atakuitishia kikao cha ukoo. Mkataba uwe wa maandishi hata kwa mtu anayelia. Na waulize majirani kwa nini mwenye nyumba anauza. Hilo la mwisho Mama Pindo alilipuuza. Bei ilikuwa tamu mno.

"Umechoka, dada," mdogo wake alisema aliposimuliwa. "Pumzika kidogo."

Mpangaji wa kwanza wa uani alikuwa nesi. Hakumaliza hata mwezi. Alimtuma kaka yake kuchukua godoro, yeye akabaki ng'ambo ya barabara, na Mama Pindo alipomfuata kumrudishia amana aliyoweka siku ya kuingia, nesi hakunyoosha mkono.

"Baki nayo, mama," alisema chini chini. "Kile kitu kinavaa nguo zangu. Natoka kuoga nakikuta ndani ya sare yangu, kimenipa mgongo, kinafunga vifungo. Jana nimeamka kinanipima. Kinanipima mkono, mama, kwa shibiri, kama wewe unavyopima wateja."

Mama Pindo alitaka kutafuta mganga siku ileile. Dalali akamzuia.

"Dada, fikiria kibiashara. Mkataba unasema anayehama kabla ya muda anaacha amana. Hujamfukuza mtu, hujamdhulumu mtu. Kesho nakuletea mwingine."

"Na yule aliyemo?"

"Yule halipi, lakini anakufanyia kazi."

Mama Pindo alimkataza kusema hivyo. Lakini huyo mwingine akaletwa, kinyozi, akakimbia. Akaja mwalimu, naye akakimbia na kuacha hata kitanda. Paa likapata mabati mapya. Cherehani ya pili ikaingia, ya umeme. Tangu hapo Mama Pindo hakutaja tena mganga, na dalali akaongeza somo jipya: wa uani awe mtu asiye na mtu, asiye na wa kuja kuuliza maswali.

Ndipo akaja msusi, binti mwembamba mwenye begi moja na kiti cha kusukia.

"Una ndugu hapa mjini?" Mama Pindo alimuuliza.

"Sina, mama. Nimekuja peke yangu."

"Basi mimi ndiye mama yako," akasema, akampa ufunguo.

Baada ya siku chache binti alikuja barazani, akasimama karibu na cherehani.

"Mama, kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa chumba changu?"

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Namsikia mtu. Nikigonga ili nijihakikishie, ananiambia nimngoje, anavaa."

Mama Pindo akatoa pini moja moja. "Ni jirani, mwanangu. Kuta za hapa nyembamba."

Binti akashukuru. Alitaka kuamini, na hakuwa na pa kwenda.

Harufu ya maziwa ikaanza kutoka uani na kufika mpaka vyumba vya mbele. Mchana, watu wakiwa kazini, Mama Pindo alisikia wanawake wawili wakizungumza nyuma ya ule mlango, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Kisha wakawa wanazungumza kwa pamoja, neno juu ya neno. Kisha ikabaki sauti moja. Na adhuhuri moja alipokwenda bombani kuchota maji alimkuta msusi amesimama katikati ya ua, gauni amelivaa ndani nje, ndala ya kulia mguu wa kushoto, ngozi ya viwiko imelegea na kujikunja, mikono ikimning'inia kama mikono ya shati la kuazima, na usoni tabasamu limekaa upande kidogo kama kola iliyopigwa pasi vibaya, na huyu mwanamke aliyeshona nguo za watu miaka yote ile akajua, kabla hajataka kujua, kwamba anatazama vazi.

Mume na mke waliopanga mbele nao walimwona. Jioni wakatoa taarifa ya kuhama. Hapo ndipo mganga alipoitwa.

Alikuja mchana, mzee mfupi mwenye kikohozi. Akaomba kigoda, akamkalisha msusi mbele yake uani, kwenye mkeka aliokuja nao, akamshika vidole gumba na kumsemesha kwa sauti ndogo muda mrefu. Dalali alisimama nyuma ya dada yake. Wapangaji wa mbele walichungulia dirishani.

"Umeingiaje kwa huyu binti?" mganga aliuliza.

Midomo ya msusi ilichelewa kidogo kuifuata sauti. "Sikuvunja mlango. Nililetewa."

Mganga akasikiliza zaidi, sikio karibu na mdomo wa binti, kisha akamgeukia Mama Pindo.

"Hili lililomo ndani linasema litamvua. Halitaki damu wala pesa. Linataka wewe umwambie huyu binti, kwa kinywa chako, kwamba ulijua. Basi. Yeye bado yumo humo, anasikia."

Na kweli, kutoka mbali ndani ya kile kifua, ikatoka sauti nyingine, ndogo, ya mtu aliyefunikwa na mablanketi mengi.

"Mama? Ulijua?"

Dalali akainama sikioni kwa dada yake. "Hawa wa dirishani wanasikia. Ukikubali, kesho uko polisi, na hakuna atakayepanga kwako tena maisha yako yote."

Mama Pindo aliyatazama mabati yake mapya. Akaificha mikono ndani ya khanga.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikujua chochote."

Msusi akafumba macho. Kilichokuwa ndani yake kikajinyoosha na kutikisa mabega, kama mtu anayehakikisha koti limekaa, na ngozi ikakaza viwikoni, shingoni, kwenye vidole, hata tabasamu likanyooka, na aliyefumbua macho akainuka akiwa msichana mzuri asiye na kasoro, akamuaga mganga kwa heshima, akafungua geti na kwenda zake.

Mganga alikataa malipo. "Chumba chako kimekuwa safi, mama," alisema akikunja mkeka wake. "Limepata pa kukaa."

Na kilikuwa safi kweli. Harufu ilikwisha. Wapangaji wa mbele wakaghairi kuhama. Mama Pindo alipaka rangi ukuta wa uani, akaning'iniza pazia.

Pazia halijapata hata vumbi, akaja mwanamke mmoja mwembamba, amesafiri kutoka mbali, miguu imemvimba. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, msusi.

"Alihama," Mama Pindo akamjibu. "Hakuniachia anwani."

Mgeni akakaa kwenye ngazi. "Atarudi tu kuniulizia hapa. Ndiyo nyumba pekee aliyoniandikia. Alisema mwenye nyumba wake anamwita mwanangu." Akaikanda miguu. "Alipoondoka alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alikuwa anatabasamu."

Mgeni akafuta macho, akamshukuru sana. Kisha akauliza kama chumba bado kiko wazi, na kodi yake ni kiasi gani. Mama Pindo akamtajia, ya miezi mitatu mbele, na amana juu yake.